Krismasi Ukweni Uswidi: Mwongozo Kamili wa Kukaa na Ukoo Mzima

Kwa Mswidi, Krismasi ni tarehe 24 Desemba. Anayeingia ukweni na mazoea ya Mombasa, Bukoba au Bukavu, ambako mkesha ni wa ibada na sherehe yenyewe huanza tarehe 25 watu wakitoka kanisani, anaweza kukuta kwamba siku aliyokuwa akiisubiri imekwisha kabla hajafungua sanduku lake la nguo.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyealikwa katika nyumba ya Kiswidi kama mchumba, mkwe, mwanafunzi au mfanyakazi mwenza asiyefaa kuachwa peke yake siku hiyo. Jambo moja ndilo linalobeba mengine yote: sikukuu hii huendeshwa kwa ratiba, na ratiba hiyo haiandikwi popote, kwa sababu kila mwenyeji ameijua tangu utotoni na hadhani kwamba kuna mtu wa kuelezwa. Mgeni anayeijua mapema, na anayesema mahitaji yake mapema, hupata utulivu mkubwa, kwa kuwa hakuna atakachotakiwa kubuni.

Hatua ya 1: Fahamu ni nyumba ipi, saa ngapi, na hadi lini

Familia nyingi zina wazazi waliotengana na kuoa au kuolewa upya, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na nyumba tatu au nne zinazomdai wakati wa Krismasi. Utatuzi wao ni zamu: mwaka huu mkesha kwa mama, mwaka ujao kwa baba, na tarehe 25 au 26, ambazo zote ni siku za mapumziko ya kitaifa, kwa upande uliokosa. Mazungumzo ya zamu huanza wiki nyingi kabla, na huwa na uzito kuliko sauti za upole za wanaozungumza zinavyoonyesha. Mwachie mwenzi wako ayamalize na ndugu zake, kisha umuulize mambo manne: siku, saa ya kufika, kama mnalala huko, na nani watakuwepo.

Saa ichukuliwe kwa uzito wake. Ukiandikiwa 13.00, maana yake ni saa saba kamili mchana, na watu watakuwa wanavua makoti mlangoni saa saba na dakika mbili. Kufika nusu saa kabla ni usumbufu sawa na kuchelewa, kwa kuwa mwenyeji bado yuko jikoni na hajabadilisha nguo.

Usifike na mtu wa ziada. Ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone haina pa kuegemea katika nyumba hizi, kwani viti, vipande vya samaki na zawadi vimekwisha kuhesabiwa kwa majina. Ukiwa na ndugu aliyefika kutoka nyumbani na hana pa kwenda, omba wiki kadhaa kabla. Mara nyingi jibu huwa ndiyo, na utakuta hata zawadi yake imeandaliwa.

Hatua ya 2: Sema mapema unachokula na usichokula

Hili ndilo jambo ambalo wageni wengi hulionea haya, na haya hiyo haina sababu. Waswidi wamezoea kuulizana kuhusu mzio na vyakula vya aina maalumu; kumwambia mwenyeji wiki mbili kabla ni kumheshimu, ilhali kusema ukiwa mezani ni kumweka mahali pagumu.

Kwa Mwislamu, au kwa Msabato, meza ya Krismasi inahitaji maelezo kamili, kwa maana nguruwe hujificha. Paja la nguruwe lililopakwa haradali na chenga za mkate, liitwalo julskinka, linaonekana wazi katikati ya meza na halimchanganyi mtu. Soseji ndogo za prinskorv nazo kwa kawaida ni za nguruwe. Lakini vile vinofu vya nyama ya kusaga, köttbullar, mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe. Ile pate ya ini ni ya nguruwe. Kabichi ya kahawia huenda imepikwa kwa mchuzi uliochemshiwa paja. Na desturi ya kuchovya mkate katika sufuria, dopp i grytan, hutumia mchuzi huohuo. Hata peremende laini za watoto huwa na jelatini. Kwa upande mwingine samaki ni wengi: samoni wa aina mbili tatu, sill, yaani samaki aliyelazwa kwenye chumvi na siki, na katika nyumba za kale lutfisk, samaki mkavu aliyelowekwa hadi akawa laini kama jeli na kuliwa kwa mchuzi mweupe. Pamoja na viazi, mayai, jibini na saladi ya bitiruti, mtu anashiba vizuri bila kugusa nyama. Ukipenda, jitolee kuleta köttbullar za ng'ombe kutoka bucha ya halali. Mwenyeji atazipokea kwa shukrani na kuziweka katika bakuli lenye kijiko chake.

Kuhusu pombe, ipo nyingi, na kutokunywa hakuhitaji maelezo. Kinywaji cha watoto na wasiokunywa ni julmust, soda nyeusi iliyobuniwa Örebro mwaka 1910, ambayo kila Desemba huipiku Coca-Cola madukani. Glögg, yaani divai ya moto yenye mdalasini, karafuu, iliki na tangawizi, hutengenezwa pia bila kileo. Uliza ipi ni ipi, kwa sababu harufu ni moja, na huvutia sana pua ya mtu wa Unguja.

Anayeswali azingatie jambo moja zaidi. Mwishoni mwa Desemba mjini Stockholm jua huchomoza karibu saa mbili na dakika 43 asubuhi na kutua karibu saa tisa kasoro dakika 12. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinasongamana katika muda wa saa tatu hivi, na magharibi inaingia pale ukoo unapojipanga mbele ya televisheni. Muombe mwenyeji chumba tangu siku mliyoongea kuhusu chakula, na hakuna atakayeshtuka ukiondoka sebuleni kwa dakika kumi.

Hatua ya 3: Tiketi, maduka na mashuka

Tiketi za treni za tarehe 22 na 23 Desemba zinunuliwe mara tu zinapoanza kuuzwa, kwani zinapanda bei na kwisha. Mkesha na tarehe 25 mabasi hufuata ratiba ya sikukuu, na mashambani yanaweza yasiwepo kabisa. Nunua dawa zako kabla, na uwe na namba 1177 ya ushauri wa afya na 112 ya dharura. Anayetaka kuleta chupa ya divai ajue kwamba vileo vikali kuliko bia nyepesi kwa kawaida huuzwa katika maduka ya serikali ya Systembolaget, kwa mtu aliyetimiza miaka 20, na kwamba maduka hayo hufungwa Jumapili, siku za mapumziko na mkesha wenyewe. Kileo katika damu ya dereva lazima kiwe chini ya 0.2 kwa elfu, hivyo mgeni asiyekunywa na mwenye leseni hujikuta mtu wa maana sana jioni.

Kama mnalala, uliza kama mje na mashuka. Katika nyumba nyingi mgeni hubeba shuka lake, foronya na taulo, na mwenyeji hutoa godoro, mto na mfarishi. Beba pia soksi nene za sufu au ndara safi za ndani. Sababu iko katika hatua ya tano.

Hatua ya 4: Zawadi

Usinunue chochote kabla ya kuuliza utaratibu wa ukoo huo, kwa kuwa kuna namna nyingi. Baadhi hununuliana wote. Wengine wamekubaliana kwamba watoto tu ndio wanaopewa. Wengine huchota majina kwa bahati nasibu, kila mtu mzima akamnunulia mmoja kwa kiasi kilichopangwa, na wengine huleta kila mtu kifurushi kimoja cha bei ndogo na kuvishindania kwa kurusha dado. Anayevunja kiwango kwa ukarimu, akaleta kitu cha thamani mahali palipokubaliwa kroni mia mbili, huwafanya wenzake waone haya, na ukarimu wake hauhesabiwi kama wema.

Kitambaa cha kanga, kahawa ya Kilimanjaro au Bukoba, viungo vya Zanzibar, au kikapu cha ukindu hupokelewa kwa furaha ya kweli, na havina bei ya kuwashtua. Kwa mwenyeji mwenyewe, mbali na zawadi za chini ya mti, leta ua la chungu: hiasinti yenye harufu kali ndiyo harufu ya Krismasi katika nyumba hizi.

Katika koo zinazoshika mila, juu ya kifurushi huandikwa ubeti mfupi wenye vina, unaodokeza kilichomo bila kukitaja, nao husomwa kwa sauti kabla ya kufungua. Mtu aliyekulia kwenye vitendawili na mashairi ana faida kubwa hapa. Andika kwa Kiswahili ukitaka, ukaweka tafsiri chini; vina wanavisikia hata wasipoelewa neno.

Hatua ya 5: Kufika

Viatu vinavuliwa mlangoni, bila ubaguzi. Utawakuta watu waliovaa suti na magauni mazuri wakiwa na soksi tu, na ndiyo maana soksi iliyotoboka ni hatari zaidi kuliko tai iliyopinda. Zunguka chumbani ukimsalimia kila mtu mmoja mmoja, mtoto na mzee, kwa mkono au kwa kukumbatia kidogo, ukitaja jina lako. Salamu ni *God jul*, na jibu ni hilohilo.

Sehemu ngumu kwa wengi wetu ni majina. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Waswidi waliacha vyeo katika mazungumzo, na leo hata mama mkwe wa miaka themanini huitwa kwa jina lake la kwanza. Hakuna shikamoo, hakuna mama fulani, na ukijaribu kumpa cheo atakusahihisha kwa upole. Watoto tu ndio husema *mormor* kwa mama wa mama yao na *farmor* kwa mama wa baba, na utawasikia wakitofautisha shangazi na mama mdogo kwa makini yaleyale tunayoyajua sisi. Ulimi ukikataa, siku ya kwanza zungumza naye ukimtazama bila kutaja jina. Kiswidi kinaruhusu hilo.

Mazungumzo huanza polepole. Hali ya hewa, safari na chakula ni njia salama, na kimya kati ya sentensi mbili si dalili ya hasira. Chunguza pia kama kuna mstaafu aliyewahi kufanya kazi Tanzania, maana si wachache: Uswidi ilikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa nchi hiyo enzi za Mwalimu Nyerere, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, viliigwa kutoka shule zao za watu wazima. Mzee wa namna hiyo akishagundua unatoka wapi, atatoa Kiswahili chake cha miaka ya sabini na hatakuachia hadi kahawa ipoe.

Hatua ya 6: Saa tisa kamili

Saa tisa alasiri televisheni ya taifa huonyesha kipindi cha katuni za Disney ambacho Waswidi hukiita kwa ufupi *Kalle Anka*, yaani Donald Duck. Kimerushwa kila mkesha tangu mwaka 1960, kwa sauti ya mtangazaji yuleyule, Bengt Feldreich, aliyefariki mwaka 2019. Ni vipande vilevile kwa mpangilio uleule, ukiondoa kipande kimoja au viwili vya filamu mpya, na watu wazima huyatamka maneno kabla hayajasemwa.

Mgeni hufanya nini? Hukaa. Usipige simu nyumbani saa hiyo, usianze mazungumzo mazito, na usiulize kwa nini watu wazima wanaangalia katuni. Katika nyumba zinazokula mchana, chakula hupangwa kiishe kabla; katika nyumba nyingine meza hufunguliwa kipindi kikiisha, karibu saa kumi. Muulize mwenzi wako kwao ni ipi, ili ujue kama ule mlo wa mchana au uje na njaa.

Hatua ya 7: Mezani

Meza ya Krismasi, julbord, ni ya kujihudumia, na kosa la mgeni ni kuiona kama pilau ya arusi na kujaza sahani moja kwa kila kitu. Huliwa kwa mizunguko, mara nyingi kwa sahani safi kila mzunguko, na kila mzunguko una vyakula vyake. Chukua kidogo, utarudi.

Mzunguko wa kwanza ni wa sill, samaki wa baharini asiyeguswa na moto bali aliyelazwa kwenye chumvi, kisha kwenye siki na sukari. Vibakuli vitakuwa kadhaa: cha haradali, cha vitunguu, na kile chenye karoti na vitunguu vyekundu kiitwacho glasmästarsill. Ladha yake ni ya achari tamu zaidi kuliko ya samaki, na anayetarajia chumvi na ndimu hushtuka kwa ule utamu. Njia ya kumzoea ni hii: kiazi cha moto kilichochemshwa, kipande kidogo cha sill ya haradali juu yake, na pembeni kipande cha mkate mkavu mgumu wenye siagi na jibini. Anza na wa haradali, kwa kuwa mchuzi wake unaficha mengi.

Hapo ndipo nyimbo huanza. Mtu huinua kiglasi cha pombe kali, wote huimba wimbo mfupi wa mezani, kisha husema *skål*, wakatazamana machoni, wakanywa, wakatazamana tena kabla ya kushusha kiglasi. Ule mtazamo wa pili ndio wageni huusahau. Julmust katika glasi inatosha kushiriki kikamilifu.

Mzunguko wa pili ni samaki baridi, hasa gravad lax, samoni aliyelazwa kwa chumvi na sukari, pamoja na mchuzi wake wa haradali. Wa tatu ni nyama baridi. Wa nne ni vya moto, na humo mna chakula ninachokiona kuwa bora kuliko vyote vya meza hiyo: Janssons frestelse. Ni viazi vilivyokatwa vijiti vyembamba, vikapangwa na vitunguu vilivyokaangwa taratibu, vikatiwa krimu na samaki wadogo wa kopo wenye viungo, kisha vikaokwa hadi juu pakawa rangi ya dhahabu. Ukitaka kukipika mwenyewe, angalia kopo. Lile liitwalo *ansjovis* kwa Kiswidi lina dagaa wa skarpsill waliolazwa kwenye chumvi, sukari na viungo, nao ni tofauti kabisa na anchovi wa Kiitaliano. Anayeweka hao wa Kiitaliano hupata sinia la viazi vichungu kwa chumvi.

Kipande cha mwisho katika bakuli hakichukuliwi bila kuuliza wengine, na mara nyingi hukatwa nusu, kisha robo, hadi kinabaki kipande kisichomshibisha kunguru. Mwisho huja uji mzito wa mchele kwa maziwa, wenye mdalasini, ambamo imefichwa lozi moja. Atakayeipata, wanasema, ataoa au kuolewa mwaka unaofuata. Mchumba akiipata, ajiandae kwa maswali.

Ukiinuka sema *tack för maten*, ahsante kwa chakula, kwa aliyepika. Kisha beba sahani jikoni, lakini uliza kabla ya kupanga vyombo ndani ya mashine ya kuoshea, kwa sababu kila nyumba ina mtu mmoja anayejua mpangilio sahihi na asiyependa mpangilio huo uguswe.

Hatua ya 8: Tomten na ufunguaji wa zawadi

Kama kuna watoto wadogo, wakati fulani jamaa mmoja atasema anatoka kwenda kununua gazeti. Maduka ya magazeti yamefungwa na nje ni giza, usimuulize. Baada ya dakika chache mlango utagongwa na ataingia Tomten, mzee mwenye ndevu na nguo nyekundu, aulize kama humu kuna watoto wema. Kisha atagawa vifurushi, ataondoka, na yule jamaa atarudi akisikitika kwamba amemkosa tena. Mgeni ambaye watoto hawajaizoea sauti yake anaweza kuombwa avae yeye, na ni heshima kukubali. Sentensi unayohitaji ni moja tu: *Finns det några snälla barn här?*

Vifurushi hufunguliwa kimoja kimoja, wote wakitazama. Kwetu zawadi aghalabu huwekwa kando na kufunguliwa faraghani, ili asionekane mtu ana pupa. Huku kutofungua ni kumnyima mtoaji kile alichokingoja. Soma jina, soma ubeti, fungua bila haraka, mtafute mtoaji kwa macho, ushukuru. Kwa ukoo wa watu kumi na tano zoezi hili huchukua saa mbili, na huendeshwa kwa kahawa na knäck, peremende ngumu ya sukari, krimu na lozi iliyomiminwa katika vikombe vya karatasi. Aliye na jino bovu aiache.

Hatua ya 9: Kulala, kanisa na kuaga

Wasiolala huondoka saa tatu au nne usiku, mara tu mwenyeji anapoanza kukusanya vikombe. Tarehe 25 ni siku ya utulivu: mabaki, matembezi katika mwanga mchache uliopo, vitabu na mafumbo ya picha. Asiyezoea kukaa na wageni bila mazungumzo asidhani amechokwa. Anayetaka ibada aulizie *julotta*, inayofanyika alfajiri katika makanisa ya Kilutheri. Hata watu wasioingia kanisani mwaka mzima huenda kwa ajili ya mishumaa na nyimbo, na mtu wa Bukoba au Moshi ataitambua liturujia.

Siku ya kuondoka vua mashuka yako, kunja mfarishi, na uliza kama usaidie kutoa taka za karatasi. Siku inayofuata mtumie mwenyeji ujumbe mfupi wa shukrani. Mkikutana tena, hata kama ni Februari, neno la kwanza ni *tack för senast*, ahsante kwa mara iliyopita. Baada ya tarehe 25 salamu hubadilika kuwa *god fortsättning*, nayo hutumika hadi siku za mwanzo za Januari.

Mti hubaki ndani hadi tarehe 13 Januari, siku ya Knut, ambapo watoto huuzunguka wakiimba, huuvua peremende zilizoning'inizwa, na watu wazima huutupa nje. Ukialikwa kwenye hiyo, hakuna zawadi wala mavazi rasmi; beba soksi tu, na uje kwa saa iliyoandikwa.